Hanoi hadi Saigon kwa baiskeli: njia ya pwani au njia ya milima?

Anayetaka kuivuka Vietnam kwa baiskeli kutoka kaskazini hadi kusini ana njia kuu mbili za kuchagua. Ya kwanza ni Barabara Kuu Namba 1, ambayo kwenye vibao huandikwa QL1 na hushika pwani karibu safari nzima. Ya pili ni Barabara ya Ho Chi Minh, inayopita ndani milimani, upande wa mpaka wa Laos. Kutoka Hanoi hadi jiji la Ho Chi Minh, ambalo wengi bado huliita Saigon, QL1 ni takriban kilomita 1,700. Ya milima inakaribia 1,800.

Hizo kilomita mia za ziada zisikudanganye. Ukiwa na mzigo wa kilo 15 na mazoezi ya kawaida, pwani utafanya kilomita 100 hadi 120 kwa siku, lakini milimani 70 hadi 80. Kwa hiyo ya kwanza ni siku 15 hadi 17 za kupiga pedali, na ya pili ni 23 hadi 26, bila kuhesabu mapumziko. Viza ya mtandaoni, ambayo tangu tarehe 15 Agosti 2023 hutolewa kwa pasipoti za nchi zote na hufika hadi siku 90, inatosha kwa yoyote kati ya hizo. Ada ni dola 25 kwa kuingia mara moja na 50 kwa kuingia mara nyingi. Kwenye fomu jaza kituo cha kuingilia utakachotumia kweli.

Tuseme mapema: hakuna hata moja kati ya hizi mbili inayostahili kuendeshwa yote mwanzo hadi mwisho. Kila moja ina vipande vizuri pale mwenzake inapochosha, na faida iko katika kujua pa kuhamia.

QL1: tambarare, rahisi, na makelele

Barabara hii ilipanuliwa miaka ya 2013 hadi 2015 na sasa sehemu kubwa ina njia nne, kizuizi katikati, na ukanda wa pikipiki na baiskeli upande wa kulia. Lami ni nzuri. Miinuko ni ya kuhesabika: Đèo Ngang mpakani mwa Hà Tĩnh, Hải Vân kabla ya Đà Nẵng, Cù Mông kusini ya Quy Nhơn, na Đèo Cả kabla ya Nha Trang. Mrefu kuliko yote ni Hải Vân, ambao unafika mita 496 tu. Yote minne ina mahandaki kwa ajili ya magari, jambo ambalo ni baraka kwa mwendesha baiskeli. Handaki la Hải Vân, lenye urefu wa kilomita 6.28, lilifunguliwa 2005, na tangu hapo barabara ya juu imebaki na pikipiki za watalii, malori ya mafuta na malori ya mifugo. Baiskeli hairuhusiwi kuendeshwa ndani ya handaki. Usiku au kwenye mvua kubwa, tafuta gari linalovusha pikipiki na baiskeli.

Malori si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Tatizo ni ule ukanda wa kulia. Wenye pikipiki huutumia kwenda kinyume, kwa sababu kizuizi cha katikati kinawalazimisha kwenda mbali kutafuta pa kugeuzia. Wanaotoka uchochoroni huingia barabarani bila kugeuza shingo, wakiamini kwamba anayekuja ndiye atakayewaona. Wakati wa mavuno mpunga huanikwa papo hapo kwenye lami, na mabua yake hujisokota kwenye gia za nyuma hadi cheni inakwama. Ukiona mabua mbele, acha kupiga pedali na serereka. Yakishaingia, simama uyatoe kwa mkono. Ukilazimisha utavunja kile kipande cha alumini kinachoshikilia kifaa cha kubadilisha gia, na hicho hakipatikani kijijini. Beba cha akiba kinacholingana na fremu yako, maana kila fremu ina chake.

Halafu kuna honi. Mabasi ya vitanda yana honi za upepo zinazopenya hadi kwenye mifupa, na dereva huzipiga kila anapokupita, si kwa hasira bali kukujulisha kwamba yupo. Saa nane za hilo kila siku huchosha kuliko mlima. Ukiweza kuvumilia vizibo vya masikio, weka sikio la kulia peke yake, la kushoto uliache lisikie.

Pancha za QL1 zina chanzo kimoja kikubwa: nyuzi za chuma zinazobaki barabarani baada ya matairi ya malori kupasuka. Ni nyembamba kuliko sindano, na huingia taratibu hadi zitoboe mpira wa ndani. Ukiziba bila kuutoa uzi, baada ya kilomita mbili uko chini tena. Namna ya kuupata: vua tairi, ligeuze ndani nje, kisha pitisha kipande cha pamba taratibu mzunguko wote. Pamba ikinasa, uzi uko hapo. Uvute kwa kibano. Vidole havitoshi.

Kuanzia 2022 vipande vingi vya barabara ya kasi ya kaskazini na kusini vimefunguliwa na kuondoa sehemu ya magari madogo na mabasi kwenye QL1, hasa kati ya Nha Trang na Phan Thiết. Baiskeli haziruhusiwi huko, lakini ramani za simu huweza kukuelekeza moja kwa moja kwenye lango lake. Kibao chenye maneno Đường cao tốc, yaani barabara ya kasi, maana yake geuka.

Barabara ya Ho Chi Minh: kimya, lakini kimya chenye gharama

Ujenzi wake ulianza 2000, sehemu kadhaa ukifuata njia za vita zilizopita msitu wa Trường Sơn. Kutoka Hanoi utaingia kupitia Xuân Mai. Usipite barabara namba 6 ya Hà Đông asubuhi, ina msongamano wa kutosha kukuharibia siku ya kwanza. Fuata njia za pembeni za Đại lộ Thăng Long hadi Hòa Lạc, halafu shuka kusini. Hadi Phong Nha ni takriban kilomita 500 za vilima vya wastani, mashamba ya chai na miwa, na magari machache. Kipande hiki kinamfaa hata mwenye gia za kawaida.

Mtihani unaanza kwenye njia panda ya Khe Gát, karibu na Phong Nha, ambapo barabara inagawanyika. Tawi la mashariki linashuka tambarare hadi Cam Lộ, lina maduka na gesti, na halina la kusimulia. Tawi la magharibi linaingia msituni na kutokea Khe Sanh, takriban kilomita 235 mbele. Hapo katikati kuna sehemu moja tu ya maana ya kulala, Long Sơn, ambayo iko mbele kidogo ya nusu ukitoka Phong Nha. Siku ya kwanza ni kama kilomita 130 zenye miinuko ya asilimia 10, kwa hiyo ondoka saa kumi na moja alfajiri ukiwa na lita tano au sita za maji kwa mtu mmoja, wali wa kunata au mikate ya bánh mì miwili mitatu, na chakula kingine cha kukutosha siku nzima. Usipange kupiga hema. Hili ni eneo la mpakani, na walinzi wa mpaka hawapendi kumkuta mgeni vichakani usiku.

Sehemu kubwa ya tawi hili ni mabamba ya zege, si lami. Yakiwa makavu ni imara. Baada ya siku mbili za mvua huota kijani cha utelezi kwenye kona zenye kivuli, na breki ya mbele ikishikwa hapo gurudumu linakutoka. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, kisha iache breki ya mbele. Pedi za breki za mpira huliwa vibaya na maji yaliyochanganyika na mchanga, hivyo beba seti mbili za akiba na uzikague kila jioni.

Kwa uzuri, ndiyo, tawi la magharibi halina mshindani. Unaweza kukaa saa nzima bila kupitwa na gari. Lakini anayelichagua kwa sababu ya picha alizoziona, huku gia yake ndogo kuliko zote ni ya meno 34 mbele na 28 nyuma, atashuka na kusukuma baiskeli. Hesabu inayofaa kwa mzigo wa kilo 15 ni meno 26 mbele na 36 nyuma, au uwiano unaokaribiana na huo, unaoisogeza baiskeli kama mita moja na nusu kwa kila mzunguko wa pedali.

Kutoka Khe Sanh hadi A Lưới, na kutoka A Lưới hadi Prao, ni kama kilomita 100 kila kipande. Kati ya A Lưới na Prao kuna mahandaki mawili ya A Roàng, na taa ya mbele na ya nyuma ni lazima. Baada ya Khâm Đức barabara inafuata ile ya zamani namba 14, inapanda mlima wa Lò Xo na kuingia nyanda za juu: Kon Tum, Pleiku, Buôn Ma Thuột. Hapa ndipo wengi hukatishwa tamaa. Kuanzia Kon Tum kwenda kusini ni barabara pana ya malori ya kahawa, mpira na mbao, yenye mawimbi ya kupanda na kushuka yasiyoisha, na mandhari yake ni mashamba tu. Katika miezi ya kwanza ya mwaka makopa ya muhogo huanikwa pembeni na harufu yake ya uchachu hukufuata. Kahawa ya Buôn Ma Thuột ni robusta, ndugu ya ile ya Kagera na Uganda, nayo ni nzuri, lakini kilomita 350 za kutoka hapo hadi Saigon hazistahili kuteseka kwa ajili ya kikombe.

Mwezi ndio unaoamua

Watu huchagua njia kwanza, kisha tarehe. Afadhali ufanye kinyume.

Kuanzia Oktoba hadi Machi upepo wa msimu wa kaskazini mashariki huvuma kushuka pwani. Anayekwenda kusini anausikia mgongoni, anayekwenda kaskazini anakula nao sahani moja. Hii peke yake inatosha kuamua kwamba safari ianzie Hanoi.

Septemba hadi Desemba pwani ya kati, tuseme kutoka Hà Tĩnh hadi Quy Nhơn, hupigwa na mvua kubwa na vimbunga, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi mibaya zaidi. QL1 hufurika, lakini maji hushuka baada ya siku chache na unaweza kusubiri juu ya ghorofa ya gesti. Milimani hatari ni maporomoko ya ardhi. Oktoba 2020 maporomoko katika wilaya ya Hướng Hóa, ile ile yenye Khe Sanh, yaliua wanajeshi 22 katika kambi yao. Ukikuta neno sạt lở, yaani maporomoko, kwenye kibao au kwenye simu ya mwenye gesti, tawi la magharibi limekufa kwako. Chukua la mashariki.

Nyanda za juu huwa kavu kuanzia Novemba hadi Aprili. Kaskazini, Februari na Machi kuna manyunyu laini ya baridi ambayo hayalowanishi sana lakini hayakauki, nguo zitanuka. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo mkavu wa Laos huunguza Nghệ An hadi Quảng Trị na joto hugusa nyuzi 40. Wakati huo endesha saa kumi na moja hadi saa nne asubuhi, kisha ujifiche.

Kwa njia ya milima, au ya mchanganyiko tunayoipendekeza hapa chini, toka Hanoi katikati ya Februari hadi mwishoni mwa Machi. Kwa QL1 peke yake, Januari inafaa, mradi usigongane na Tết, sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam, maana siku tatu nne za mwanzo migahawa hufungwa na barabara hujaa wanaorudi kwao.

Kulala na kula

QL1 kuna kibao cha nhà nghỉ karibu kila kilomita chache. Ni gesti ya kawaida, dong 200,000 hadi 350,000, yaani takriban dola 8 hadi 14, yenye maji ya moto na feni au kiyoyozi. Milimani ziko mijini tu, kwa bei ile ile au chini kidogo. Mapokezi wataitaka pasipoti ili kukuandikisha polisi. Godoro ni gumu, jirani ana karaoke, na vijijini vipaza sauti vya serikali ya mtaa huanza matangazo alfajiri. Baiskeli huingizwa ndani sebuleni bila ubishi.

Chakula cha QL1 hakikosekani. Tafuta cơm bình dân, ambayo ni mama ntilie hasa: wali, unaonyesha kwa kidole mboga na kitoweo, dong 35,000 hadi 50,000. Pwani kuna samaki wa kutosha. Milimani ni nguruwe na kuku, na jiko hufungwa ikigonga saa saba na nusu mchana kwa sababu kila mtu analala. Asiyekula nguruwe ajifunze maneno mawili, thịt lợn ya kaskazini na thịt heo ya kusini, yote ni nyama hiyo hiyo, na aulize pia kuhusu mchuzi wa supu. Migahawa iliyoandikwa chay haina nyama yoyote. Chakula cha halali cha uhakika utakipata miisho ya safari, hasa Saigon karibu na msikiti wa mtaa wa Đông Du.

Juisi ya miwa iko kila mahali QL1, pamoja na vibanda vya kahawa vyenye machela za kujinyoosha. Agiza kinywaji kimoja, lala saa nzima, hakuna atakayekufukuza.

Mtu akikutikisia mkono vidole vikiwa vimetanuliwa, anasema hakuna, au hataki kujaribu kuelewana nawe. Usikasirike, nenda duka linalofuata. Milimani utatazamwa zaidi, na msafiri mweusi ataombwa picha. Nia ni udadisi, ingawa ukiwa umechoka huwezi kuufurahia.

Baiskeli yenyewe

Kwa QL1 tairi la milimita 32 hadi 35 linatosha, na kwa milima weka 40 hadi 47. Mafundi pikipiki wenye kibao cha sửa xe wako hata vijijini, na kompresa zao zina kichwa cha valvu nene ya gari. Mwenye valvu nyembamba ya Presta abebe viunganishi viwili vya shaba, kimoja kitapotea. Mipira ya ndani ya inchi 26 inapatikana mijini, ya 700C katika miji mikubwa, na ya 29 usiitegemee nje ya Hanoi, Đà Nẵng na Saigon. Spoku tatu za urefu wa kila upande, ukizifunga kwenye fremu, hazina uzito.

Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda akumbuke kwamba Vietnam huendesha upande wa kulia. Kioo kifungwe mkono wa kushoto wa usukani. Wenzetu wa Rwanda, Burundi na Congo hawana la kuzoea.

Ukichoka QL1, reli ya Hanoi hadi Saigon inakwenda sambamba nayo: Vinh, Đồng Hới, Huế, Đà Nẵng, Diêu Trì, Tuy Hòa, Nha Trang, Tháp Chàm. Baiskeli huandikishwa kama mzigo na huenda ikafika kwa treni nyingine, kwa hiyo ondoa mifuko na taa kabla ya kuikabidhi. Nyanda za juu za njia hii hakuna reli. Huko ni tumbo la basi na mapatano ya bei kabla ya kupakia.

Pa kuhamia

Tunachokipendekeza kwa wengi ni kupanda milima kaskazini na kushuka pwani katikati. Kama miguu imeisha Khe Sanh, barabara namba 9 inashuka hadi Đông Hà, kilomita 60 na kidogo. Kutoka A Lưới, namba 49 inakupeleka Huế kwa kilomita 70 hivi, na kutoka hapo Hải Vân iko mbele yako. Kutoka Prao au Thạnh Mỹ unashuka Đà Nẵng kwa 14G au 14B. Mwenye nguvu aendelee hadi Kon Tum na kushuka kwa namba 24 kupitia Măng Đen, penye misonobari na baridi, hadi Quảng Ngãi. Namba 19 ya Pleiku hadi Quy Nhơn ina malori ya bandari, iwe ya dharura tu.

Ukifika pwani, usirudi QL1 kwa mazoea. Kusini ya Hội An kuna barabara ya ufukweni hadi upande wa Tam Kỳ, 1D inatoka Quy Nhơn kuelekea Sông Cầu, 702 inazunguka Núi Chúa na Vĩnh Hy, na 719 inakwenda Phan Thiết hadi La Gi. Zote zina magari machache. Ramani nyingi bado zina majina ya zamani: tarehe 1 Julai 2025 mikoa ilipunguzwa kutoka 63 hadi 34 na ngazi ya wilaya ikafutwa, hivyo Kon Tum sasa iko chini ya Quảng Ngãi na Quảng Bình imeingia Quảng Trị. Fuata namba ya barabara na jina la mji.

Kuingia Saigon

Anayekuja kwa milima huingia kupitia Bình Dương, viwanda na makontena mwanzo hadi mwisho. Anayekuja kwa QL1 huingia Biên Hòa, na huko ni vibaya zaidi. Mwenye kushika ufuko kutoka La Gi kupitia Hồ Tràm hadi Vũng Tàu ana njia ya tatu: feri ya kwenda Cần Giờ, ambayo ilianza Januari 2021 na hupakia baiskeli. Ukishuka, barabara ya Rừng Sác inakatiza mikoko kwa kilomita 36 hivi, pana na tambarare, hadi kivuko cha Bình Khánh. Ukivuka umefika Nhà Bè, na katikati ya jiji ni mwendo wa saa moja. Usipite Rừng Sác Jumapili jioni, pikipiki zote zinazorudi kutoka ufukweni huwa zinagombea kivuko hicho hicho.